Deni Asilolikopa

Katikati ya miaka ya 1860, katika nchi ya Wayao mashariki ya Ziwa Nyasa, mjane mmoja alikwenda kwa jirani kukopa nafaka. Mumewe alikuwa amefariki. Watoto wake wengine nao walikuwa wametangulia, akabaki na binti mmoja tu, Swema. Alikuwa amehama alikoolewa na kwenda kuanza upya ugenini, mahali ambapo hakuwa na kaka, mjomba wala shemeji wa kumsemea. Shamba lilipomwangusha, yule jirani akaja kudai chake. Mjane hakuwa na mbuzi wala jembe la kutoa. Alichokuwa nacho ni mtoto.

Swema akachukuliwa, akauzwa kwa mfanyabiashara wa msafara uliokuwa ukipita kwenda pwani. Mama hakukubali kuachana naye. Akamfuata tajiri wa msafara akamwomba amchukue na yeye, awe mtumwa bure, ilimradi awe karibu na mwanawe. Tajiri akakubali, maana mtu wa kubeba pembe ya ndovu bila kulipiwa hakataliwi. Njiani mama akaishiwa nguvu. Aliposhindwa kubeba mzigo akanyimwa chakula, kisha akaachwa kando ya njia afe, na binti akaburutwa kwenda mbele huku akilia. Swema alifika Kilwa, akapakiwa jahazini, akashushwa Unguja akiwa hajitambui. Walimwona si wa kuuzika tena, wakamfukia kwenye kaburi la kina kifupi akiwa bado anapumua. Kijana mmoja kutoka kisiwa cha Réunion alisikia sauti ya kugumia, akamfukua, akampeleka kwa masista wa misheni ya Kikatoliki. Huko Swema alisimulia yaliyompata, na simulizi yake ikachapishwa Ufaransa mwaka 1870.

Wengi wanaosimuliwa kisa hiki hukiangalia kile kilio cha mtoto na yule tajiri katili. Mimi naomba msomaji wa hapa Kigamboni, Dar es Salaam, aangalie mwanzo wake: nafaka. Swema hakukopa. Hakuwepo hata kwenye makubaliano. Lakini deni lilipotafuta mtu wa kulilipa lilimpita jirani, likawapita wazee wa kijiji waliokaa kimya, likamwangukia yule ambaye hakuna aliyesimama kumtetea. Tunasema dawa ya deni ni kulipa. Swali ambalo mababu zetu hawakuliuliza kwa sauti ya kutosha ni hili: nani anatolewa kuwa malipo?

Biashara iliyommeza Swema haikuwa ya taifa moja. Huku kwetu tumezoea kumtaja Mwarabu wa Omani, Mhindi mwenye mtaji na Mreno wa Msumbiji. Mholanzi tunamsahau, kwa sababu hakujenga ngome mahali popote kati ya Kilwa na Lamu. Lakini alifika. Kati ya mwaka 1776 na 1778 Kampuni ya Uholanzi ya India Mashariki, ile iliyoanzishwa mwaka 1602 na kujulikana kwa herufi VOC, ilituma meli zake kutoka Rasi ya Tumaini Jema hadi Unguja kununua watu. Shajara za safari hizo zipo na wanahistoria wamezichapisha. Rasi ilikuwa koloni la Kampuni tangu mwaka 1652, na tangu mwanzo lilikuwa na njaa ya mikono ya kazi. Hadi biashara hiyo ilipopigwa marufuku mwaka 1808, watumwa wapatao 63,000 walikuwa wameshushwa pale, kutoka India, visiwa vya Indonesia, Bukini (Madagaska) na pwani yetu ya Afrika Mashariki.

Pale Cape Town palikuwa na jengo ambalo Kampuni ililijenga mwaka 1679 kwa ajili ya watumwa wake yenyewe. Jengo hilo lipo hadi leo, sasa ni makumbusho. Lilikuwa halina madirisha ya kutazama nje. Mamia ya watu walilala humo, wanaume, wanawake na watoto. Jioni, kabla lango halijafungwa, askari na mabaharia waliruhusiwa kuingia kwa wanawake. Jambo hili halikuwa siri wala halikuwa kosa la walinzi wachache. Mji mzima ulilijua, na Kampuni ililiacha liendelee, kwa sababu sheria ilisema mtoto hufuata hali ya mama yake. Mtoto aliyezaliwa na mwanamke wa jengo lile, hata baba akiwa Mholanzi huru mwenye cheo, alikuwa mali ya Kampuni. Tumbo la mama likawa ghala. Na majina nayo yalichukuliwa: watu waliandikwa kwa majina ya miezi, Januari, Februari, Septemba, kisha mahali walikonunuliwa. Binti aliyeitwa kwa jina la bibi yake huku kwetu akaingia katika daftari la Kampuni bila ukoo. Ndugu zake, hata kama wangevuka bahari kumtafuta, wangemuulizia kwa jina gani?

Najua jibu ambalo wasomaji wengi wa pwani watalitoa hapa, kwa sababu nimelisikia barazani mara nyingi. Watasema huko kwa Wazungu ndiko kulikokuwa na unyama; kwetu mjakazi alikuwa mtu wa nyumbani, suria aliyezaa na bwana alipata heshima, na mwanawe alikuwa huru na mrithi. Sehemu ya jibu hilo ni kweli. Mtoto wa suria aliyekubaliwa na baba yake alikuwa sawa na mtoto wa ndoa, na Unguja ilitawaliwa na masultani waliozaliwa na masuria. Sayyida Salme, binti wa Sultan Sayyid Said, aliyeandika kitabu cha maisha yake baada ya kuhamia Ujerumani, alikuwa mtoto wa suria wa Kicherkesi. Lakini lisomeni jibu hilo tena polepole. Heshima yote ya mama ilining'inia kwenye neno moja la bwana: wangu. Asipolitamka, au akifa kabla hajalitamka, mama na mwana walibaki walipo. Upole unaotegemea hiari ya mwenye nguvu hauwezi kuitwa haki, na bibi zetu walijua tofauti hiyo hata kama wajukuu tumeisahau.

Ushahidi ni sheria zenyewe. Juni 1873, Sultan Barghash, akishinikizwa na Waingereza, alifunga soko la watumwa la Unguja na kupiga marufuku kuwasafirisha kwa bahari. Wafanyabiashara wakahamia nchi kavu. Frederic Elton, ofisa wa Kiingereza aliyetembea kutoka Dar es Salaam kuelekea Kilwa mwishoni mwa mwaka huo na mwanzoni mwa 1874, alipishana na zaidi ya watumwa 4,000 ndani ya mwezi mmoja, wakiswagwa kuelekea kaskazini. Huko ni nyuma ya pwani yetu hii hii, ambako Mbwamaji ulikuwa mji wenye wenyewe muda mrefu kabla ya Sultan Majid kuanza kujenga Dar es Salaam. Anayekwenda leo Gezaulole kula samaki Jumapili anatembea jirani na njia hiyo.

Kisha ikaja amri ya tarehe 6 Aprili 1897, iliyofuta utumwa kisheria Unguja na Pemba. Vitabu vya shule huitaja kwa mstari mmoja, na wanafunzi hushangilia. Ndani ya amri ile kulikuwa na tundu: masuria hawakuhesabiwa. Mtumwa wa shambani aliweza kwenda mahakamani kudai uhuru wake. Mwanamke wa ndani hakuweza, isipokuwa athibitishe kuwa amefanyiwa ukatili. Waliotunga waliona kuwa kumgusa suria ni kuingilia nyumba ya mtu, na nyumba ya mtu ina staha yake. Ilibidi isubiriwe amri nyingine, ya mwaka 1909, kuliziba tundu hilo. Miaka 12 mizima mwanamume aliyekuwa akichuma karafuu aliweza kudai uhuru wake, na mwanamke aliyekuwa nyuma ya pazia hakuweza. Huku bara Wajerumani hawakuufuta utumwa kabisa. Walitangaza tu kuwa watoto watakaozaliwa baada ya mwaka 1905 watakuwa huru, na mama zao wakaendelea kungoja hadi Waingereza walipotoa sheria ya kuufuta Tanganyika mwaka 1922.

Waholanzi nao walifanya lao. Walipofuta utumwa Suriname tarehe 1 Julai 1863, serikali ililipa fidia ya gilda 300 kwa kila mtumwa. Waliolipwa ni mabwana. Watumwa wenyewe hawakupata hata senti, na wengi wao walilazimishwa kufanya kazi kwa mikataba chini ya uangalizi wa serikali kwa miaka 10 zaidi, hadi 1873. Mfalme Willem-Alexander aliomba radhi tarehe 1 Julai 2023, baada ya Waziri Mkuu Mark Rutte kufanya hivyo Desemba 2022. Ni jambo jema. Lakini ninachotaka kubaki nacho hapa ni zile gilda: hata siku ya uhuru ilionekana mtumwa ni deni, na anayedai ni bwana.

Sasa nirudi nyumbani. Kisa ninachokileta nimekiunganisha kutokana na yale ambayo waliorudi kutoka Uarabuni wamekuwa wakiyasimulia na ambayo yameandikwa na watafiti, kwa hiyo msimtafute mhusika katika mtaa wowote.

Ni binti wa Tungi, hapa Kigamboni, mwenye miaka 22, amemaliza kidato cha nne. Baba hayupo. Mama anauza chapati na maharage karibu na kivuko, na mkopo wa kikundi umemkaba koo. Anatokea mama mmoja mwenye maneno laini, anayejulikana na wengi, anasema kuna kazi za ndani Maskati, Omani. Pasipoti, viza, tiketi, vyote bure. Binti hatatoa hata shilingi. Ushahidi anao: fulani alikwenda akarudi akajenga Kisarawe II, na kweli nyumba ile inaonekana. Wako waliokaa kwenye familia zenye utu, wakalipwa kwa wakati, wakasomesha wadogo zao. Sitaki kumdhulumu mtu yeyote kwa kusema vinginevyo. Ndiyo maana maneno ya dalali yanaingia. Tena Maskati kuna familia nyingi zilizotoka Unguja, zinaongea Kiswahili kama sisi. Mama anajiambia, mwanangu haendi ugenini, anakwenda kwa watu wetu.

Anapofika, pasipoti inachukuliwa pale pale. Anapewa karatasi ya Kiarabu aweke sahihi, na mshahara uliomo si ule alioambiwa Dar es Salaam. Anaamka kabla ya alfajiri kufikiriwa, analala wakati wageni wa mwisho wameondoka. Anafanya kazi nyumba ya bosi, kisha anapelekwa kwa dada wa bosi, bila malipo ya ziada. Mwezi wa tatu anasema amechoka, anataka kurudi. Hapo ndipo anaambiwa jambo ambalo mama yake hakuambiwa: bosi amelipa pesa nyingi kwa wakala ili kumpata. Akitaka kuondoka, azirudishe kwanza.

Hilo ndilo deni. Binti hakulikopa, hakulishika mkononi, wala hakujua kama lipo. Pasipoti, viza na tiketi vilivyoitwa bure vilikuwa na bei, na bei hiyo iliandikwa juu ya kichwa chake na watu wawili waliokuwa wakizungumza yeye hayupo. Shirika la Human Rights Watch lilizungumza na wanawake wa Kitanzania waliofanya kazi Omani na Falme za Kiarabu, likatoa ripoti Novemba 2017. Karibu wote walisema walinyang'anywa pasipoti. Wengine walisema walifanya kazi hadi saa 21 kwa siku. Mwaka uliotangulia shirika hilo lilikuwa limetoa ripoti nyingine kuhusu wafanyakazi wa ndani Omani, na humo wamo wanawake walioambiwa na waajiri wao, wazi wazi, kuwa wamenunuliwa.

Na akikimbia? Chini ya utaratibu wa kafala, ukaazi wake nchini humo umefungwa kwa mwajiri. Akitoka bila ruhusa anaripotiwa polisi kuwa mtoro, na mlalamikaji anageuka mshtakiwa. Sheria ya kazi ya Omani ya mwaka 2003 ilimwacha nje mfanyakazi wa ndani, na mpya ya mwaka 2023 ikamwacha nje tena. Hoja ni ile ile iliyomwacha suria nje ya amri ya 1897: nyumba ya mtu ni siri yake, mkaguzi hapigi hodi. Imepita zaidi ya karne moja, na sheria bado inavua viatu mlangoni na kurudi ilikotoka.

Ningeweza kuishia hapo, na wengi huishia hapo, wakimlaani Mwarabu na kwenda kulala. Lakini Kigamboni ninayoijua haina haki ya kulala mapema hivyo.

Tangu Daraja la Nyerere lifunguliwe mwaka 2016, viwanja vya Kibada, Kisota na Mjimwema vimegeuka majumba yenye ukuta na geti. Mume na mke wanaondoka alfajiri kuwahi foleni ya mjini, wanarudi usiku. Anayebaki ndani ya geti ni dada wa kazi. Ametoka Singida, Iringa, Dodoma au Tanga. Ameletwa na mtu anayemwita shangazi ambaye si shangazi yake. Nauli yake ililipwa na tajiri wa nyumba, kwa hiyo miezi miwili ya kwanza hapokei kitu, anakatwa. Sahani ikivunjika anakatwa. Mshahara unaobaki anatumiwa yule shangazi, aufikishe kwa wazazi, na hakuna anayeuliza kama ulifika. Simu yake imewekwa kabatini kwa mama mwenye nyumba, kwa maelezo kuwa simu itamharibu. Jumapili familia inakwenda kanisani au ufukweni, yeye anabaki kuangalia nyumba. Akipata ujauzito na mhusika akiwa ni mwenye nyumba au kijana wake, anapakiwa basi la alfajiri na begi lake, na huko kijijini mtoto anazaliwa bila jina la baba.

Wekeni orodha hiyo kando ya yale ya Cape Town na ya Maskati, muone kinachokosekana. Geti lipo. Deni la nauli lipo. Kitambulisho au simu mikononi mwa mwingine vipo. Mtoto anayefuata hali ya mama yake yupo. Mwanamke anayelilia binti wa Tungi aliyenyang'anywa pasipoti anaweza kuwa ndiye aliyefungia simu ya binti wa Singida, na wala haoni kuwa ni jambo moja, kwa sababu kwake yeye anamsaidia: anamlisha, anamvisha nguo alizoacha, anamwita mwanangu. Siutilii shaka moyo wake. Natilia shaka mpangilio ambao haki zote za binti zinaning'inia kwenye moyo huo. Mabwana wengi wa zamani nao waliwaita watu wao wanangu.

Na huku kwetu sheria haikuishia mlangoni, angalau kwenye karatasi. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004 inakataza kazi ya kulazimishwa, na haimtoi nje mfanyakazi wa ndani. Amri ya mishahara iliyoanza kutumika Januari 2023 iliweka kima cha chini cha shilingi 60,000 kwa mwezi kwa mfanyakazi wa ndani anayeishi kwa mwajiri, kutoka 40,000 ya mwaka 2013. Kilikuwa kidogo mno, na wapo majirani zetu wasiofika hata hapo. Sheria ya Kuzuia Usafirishaji Haramu wa Binadamu ya mwaka 2008 inamgusa yule shangazi wa bandia sawasawa na inavyomgusa dalali wa Maskati: kumtoa mtu kwao kwa hadaa ili anyonywe ni kosa, hata kama safari yenyewe ni ya basi kutoka Manyoni.

Mama wa Tungi anayetakiwa kumruhusu binti yake aanze na swali moja kwa dalali: bosi anamlipa wakala kiasi gani, na binti akitaka kurudi nani anazirudisha? Asiyeweza kulijibu hilo mbele ya watu wawili wa ukoo hana kazi ya kutoa. Wakala mwenye leseni anajulikana kwa Wakala wa Huduma za Ajira Tanzania, TaESA, na mkataba halali unapita ubalozi wetu Maskati kabla ya tiketi kukatwa. Viza ya matembezi, au safari ya kuzungukia nchi jirani ili uhamiaji wasiulize, ni dalili ya kutosha kuvunja safari hata kama begi limeshafungwa. Nakala ya pasipoti, namba ya simu ya bosi na mtaa anaoishi vibaki nyumbani, kwa mjomba, kwa jirani, kwa mwenyekiti wa mtaa.

Na mama wa Kibada amfungulie dada wa kazi akaunti ya pesa ya simu kwa jina lake mwenyewe kama umri wake unaruhusu, aache kumkata nauli, na amrudishie simu leo jioni. Jirani anayesikia mtoto akipigwa nyuma ya ukuta mrefu, au anayemwona wa miaka 13 akibeba mtoto wa mwenzake saa za shule, ana ofisi ya ustawi wa jamii katika manispaa yetu na namba 116 ya kupiga bure.

Wazee wa kijiji kile cha Wayao walikuwepo siku Swema anachukuliwa. Simulizi yake haisemi kama kuna hata mmoja aliyejitolea kulipa ile nafaka.